Vumbi la Kitai: Gharama Isiyoandikwa Kwenye Hesabu za Makaa

Njia panda ya Kitai, wilayani Mbinga, ni kituo kidogo kwenye ramani lakini kikubwa kwa mzunguko wa fedha. Hapo barabara ya Amani Makoro, Ruanda hadi Lituhi inaachana na ile kuu ya Songea kwenda Mbinga na Mbamba Bay. Kahawa ya Umatengo hupita hapo, mahindi hupita hapo, dagaa na samaki wa Ziwa Nyasa hupita hapo. Tangu 2011, mgodi wa Ngaka ulipoanza kazi kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Intra Energy ya Australia, makaa ya mawe nayo hupita hapo, malori kwa malori.

Biashara hiyo imekuwa na misimu yake ya neema. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vikalazimika kugeukia Ngaka. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipovuruga soko la nishati Ulaya, meli zilianza kupakia makaa ya Ruvuma katika bandari ya Mtwara kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Waliokuwa na lori moja walitafuta la pili. Waliokuwa na kibanda cha chai walijenga nyumba ya wageni.

Mfanyabiashara wa makaa akipiga hesabu zake huandika bei ya tani, dizeli, mizani, matairi, posho ya dereva na utingo, ujira wa wapakiaji na ushuru wa halmashauri. Kitu kimoja hakimo. Ni vumbi. Na kwa jinsi utafiti wa magonjwa ya kinga ya mwili unavyokwenda katika miaka hii, vumbi hilo lina bei yake, na huenda ikalipwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona kwenye ankara.

NENO MOJA, BIDHAA NYINGI

Katika maduka ya dawa na katika vijiwe vya Mbinga na Songea, mazungumzo kuhusu kinga ya mwili kwa kawaida huangukia chanjo. Wazazi huuliza kuna nini ndani ya sindano. Swali si la kipuuzi. Ndani ya chanjo nyingi kuna kitu ambacho si chanjo yenyewe. Wataalamu hukiita adjuvanti, neno la Kilatini lenye maana ya kusaidia. Kwa Kiswahili cha jikoni ni kikolezo. Kazi yake ni kuiamsha kinga ya mwili ili iitazame chanjo kwa makini, badala ya kuiacha ipite kama mgeni asiye na habari.

Historia yake ina kichekesho ambacho mkulima wa muhogo wa Lituhi ataipenda. Katika miaka ya 1920, daktari wa mifugo Mfaransa, Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur, alikuwa akiwachanja farasi ili apate dawa ya dondakoo. Aligundua kwamba farasi waliopata jipu mahali pa sindano walitoa kinga nyingi kuliko wenzao. Akaanza kuchanganya chanjo na vitu vya kuamsha uvimbe: makombo ya mkate, mafuta, na wanga wa muhogo. Wanga wa muhogo ulifanya kazi.

Mwaka 1926 Mwingereza Alexander Glenny aliona kwamba shabu hufanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi. Shabu ni ile ile jamii ya chumvi za alumini inayouzwa sokoni kwa ajili ya kutuliza maji ya tope. Tangu hapo chumvi za alumini zimekuwa kikolezo kikuu cha chanjo duniani. Zimo katika chanjo ya pamoja ya pentavalenti, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2009, na katika ile ya nimonia iliyoingia mwanzoni mwa 2013. Zimo pia katika chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi wanayopewa wasichana. Hazimo katika chanjo ya kifua kikuu ya mtoto mchanga, wala ya surua, wala matone ya polio, kwa kuwa hizo ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa na vinajitosheleza.

Baadaye alikuja Jules Freund, aliyechanganya mafuta ya petroli na vijidudu vya kifua kikuu vilivyouawa. Kikolezo chake kilikuwa kikali mno. Mwaka 1956 Carl Pearson wa Marekani alionyesha kwamba panya waliochomwa mchanganyiko huo huvimba viungo, ugonjwa unaofanana na baridi yabisi. Haukuruhusiwa kwa binadamu. Lakini swali lilikwisha kuwekwa mezani: ikiwa kikolezo kinaweza kuifanya kinga ya panya ishambulie viungo vyake yenyewe, je, kwa binadamu?

KAMPUNI ILIYOANGUKA KABLA YA JIBU

Wawekezaji wadogo wana sababu ya kukumbuka sehemu inayofuata, maana inahusu hisa na mahakama zaidi ya maabara.

Mwaka 1964 daktari Miyoshi wa Japani alieleza habari za wanawake waliougua baada ya kuchomwa mafuta ya taa mazito na vitu vya aina hiyo ili kukuza matiti. Aliuita ugonjwa wa kikolezo kwa binadamu. Miaka ilipita, na matiti ya bandia ya silikoni yakawa biashara kubwa Marekani. Malalamiko yakaongezeka: uchovu, maumivu ya viungo, ngozi kukakamaa. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia matumizi yake ya kawaida. Mwaka 1994 watengenezaji walikubali kulipa dola bilioni 4.25, mkataba ukavunjika kwa wingi wa wadai, na mwaka 1995 kampuni ya Dow Corning iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ilitoka huko 2004, baada ya mpango wa kulipa dola bilioni 3.2.

Katikati ya hayo, mwaka 1999, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti yake: matiti hayo hupasuka, huleta makovu na maumivu ya mahali pale, lakini ushahidi wa kuleta magonjwa ya kinga kujishambulia haukuonekana. Fedha zilikwisha kutoka. Katika soko, hukumu ya mahakama haisubiri hukumu ya maabara, na aliyekuwa na hisa katika miaka hiyo alilijua hilo kwa hasara.

Mwaka 2011 hoja hiyo ilirudi kwa jina jipya. Yehuda Shoenfeld na Nancy Agmon-Levin wa Israeli walipendekeza kwamba yawekwe pamoja mambo manne: ugonjwa wa silikoni, maradhi ya askari wa vita ya Ghuba, uvimbe wa misuli ulioelezwa Ufaransa mahali pa sindano za alumini, na matatizo yanayoripotiwa baada ya chanjo. Kwa ufupisho wa herufi za Kiingereza wakaliita fungu hilo ASIA.

Pendekezo lilipata wafuasi na lilipata wakosoaji. Wakosoaji walisema vigezo vyake ni vipana kama nyavu za dagaa: uchovu, usingizi mbaya, maumivu ya misuli. Nani asiyekuwa na kimojawapo? Kundi la Rohan Ameratunga wa New Zealand lilitoa hoja nzito zaidi mwaka 2017. Wagonjwa wa mzio katika nchi za Ulaya huchomwa sindano nyingi zenye alumini kwa miaka 3 hadi 5, na kwa jumla hupata alumini mara 100 hadi 500 ya ile ya chanjo za kawaida. Kama alumini ingekuwa mkosaji, hao ndio wangeugua kwanza. Takwimu za Denmark za 2012 zilionyesha kinyume: walipata magonjwa ya kinga kujishambulia kidogo kuliko wenye mzio waliotibiwa kwa njia nyingine.

Kisha Julai 2025 ikaja kazi kubwa kuliko zote, pia kutoka Denmark. Watafiti wa Statens Serum Institut walipitia kumbukumbu za watoto 1,224,176 waliozaliwa kati ya 1997 na 2018, wakilinganisha kiasi cha alumini walichopata kwenye chanjo na magonjwa sugu 50, yakiwemo 36 ya kinga kujishambulia. Ongezeko la hatari halikuonekana. Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alitaka makala hiyo iondolewe. Jarida la Annals of Internal Medicine lilikataa. Mkaguzi mkali ataweka alama moja pembeni: watoto wale walifuatiliwa zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha, na baadhi ya magonjwa ya kinga huja ukubwani. Hata hivyo, hesabu ya watoto zaidi ya milioni moja si ya kutupwa.

KESI ILIYOKUWA NA UKWELI

Haitakuwa haki kusema kwamba wenye wasiwasi wamekosea kila mara. Wakati wa mafua ya nguruwe ya 2009, nchi za Ulaya zilitumia zaidi ya dozi milioni 30 za chanjo iitwayo Pandemrix, yenye kikolezo cha mafuta kinachoitwa AS03. Agosti 2010 Sweden na Finland zilitoa taarifa za vijana wanaoanguka usingizini mchana. Ugonjwa huo, nakolepsi, hutokana na kupotea kwa chembe fulani za ubongo, na kinga ya mwili inashukiwa kuhusika. Zaidi ya watu 1,300 waliripotiwa. Serikali zimelipa fidia.

Lakini hata hapo, kidole hakikusimama kwenye kikolezo peke yake. Canada ilitumia chanjo yenye kikolezo hicho hicho iliyotengenezwa kwa namna tofauti, na hatari iliyoonekana huko ilikuwa ndogo sana. China, ambako watu wachache walichanjwa, nakolepsi iliongezeka baada ya mafua yenyewe. Karibu wagonjwa wote walikuwa na aina moja ya urithi wa kinga. Utafiti umehamia kwenye muungano wa mambo matatu, yaani kirusi, urithi na kikolezo, na umeacha kumtafuta mshitakiwa mmoja.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa kikolezo kimeleta habari ya aina nyingine. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuanza chanjo ya malaria ya RTS,S katika mpango wa majaribio, Aprili 2019, ikifuatwa na Ghana na Kenya. Chanjo hiyo ilipimwa kabla kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwamo. Nguvu yake inategemea kikolezo cha AS01, ambacho sehemu yake moja hutoka katika gome la mti wa Chile uitwao quillaja, gome linalotoa povu kama sabuni. Majaribio ya awali yalikuwa yametoa ishara za kutia shaka, ikiwemo homa ya uti wa mgongo. Katika matumizi ya nchi hizo tatu ishara hizo hazikujirudia, na vifo vya watoto wa umri uliolengwa vilipungua kwa asilimia 13.

Kwa wafuatiliaji wa soko, chanjo ya pili, R21, nayo hutumia kikolezo kutoka gome la mti huo huo. Bei ya RTS,S kwa mkataba wa UNICEF wa 2022 ilikuwa euro 9.30 kwa dozi. R21, inayotengenezwa na Serum Institute ya India, ilitangazwa 2023 kwa dola 2 hadi 4. Mti mmoja wa milimani Chile umekuwa mhimili wa biashara ya chanjo Afrika, na wenye viwanda wanatafuta njia ya kupata dawa hiyo bila kutegemea gome.

KIKOLEZO KISICHOPIMWA

Hadi hapa mizani imeelemea upande mmoja: kikolezo cha zahanati, kinachopimwa kwa sehemu ndogo za miligramu na kufuatiliwa kwa miaka, hakijapatikana na hatia ya kueneza magonjwa ya kinga. Upande wa pili wa mizani hautajwi sana vijiweni. Huo ndio upande wa Kitai.

Katika orodha ya vitu vinavyoiamsha kinga ya mwili, kimoja kinatoka kwenye mwamba. Ni silika, madini yaliyomo katika mchanga na katika mawe mengi magumu. Mwaka 1962 watafiti Pernis na Paronetto walionyesha kwamba chembe za silika hufanya kazi ya kikolezo katika wanyama wa maabara. Mwaka 2008 kundi la Veit Hornung lilikwenda ndani zaidi. Lilionyesha kwamba chembe za silika na chumvi za alumini, zikimezwa na seli za kinga, hupasua kifuko kilichozimeza na kupiga kengele moja ya hatari ndani ya seli, na kengele hiyo huleta mwako na uvimbe.

Kengele ni moja, ila mpigo si mmoja. Sindano hupiga mara chache, kisha chumvi huyeyuka na figo huitoa sehemu kubwa. Silika ikifika chini kabisa ya pafu haiyeyuki. Hukaa na kupiga kengele mchana na usiku, kwa miaka.

Madaktari waliliona hilo kabla ya maabara kulieleza. Mwaka 1914 Byrom Bramwell wa Edinburgh aliandika habari za waashi wa mawe ambao ngozi zao zilikakamaa, ugonjwa uitwao skleroderma. Mwaka 1953 Anthony Caplan aliwapima wachimba makaa wa Wales ya Kusini na kuona kwamba wenye baridi yabisi ya rumatoidi walikuwa na vinundu vya pekee mapafuni. Vinundu hivyo vina jina lake hadi leo. Mwaka 1957 L. D. Erasmus alieleza skleroderma kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini.

Witwatersrand si jina geni kando ya Ziwa Nyasa. Ndiko walikokwenda vijana wa mwambao na wa nyanda za juu kusini kwa mkataba wa Wenela, wakirudi na baiskeli, blanketi, gramafoni na kikohozi. Tanganyika ilisitisha uandikishaji huo baada ya uhuru wa 1961. Wazee waliorudi na vidole vilivyojikunja walisemekana wamerogwa, au wamepigwa na baridi ya Joni. Wa pili walikaribia ukweli zaidi.

Takwimu za karibuni zimeimarisha jambo hilo. Nchini Sweden, utafiti mkubwa wa EIRA ulionyesha 2005 kwamba wanaume waliofanya kazi kwenye vumbi la silika walikuwa na hatari ya baridi yabisi ya rumatoidi takribani mara 2 ya wengine, na kwa watoboa na wasaga mawe mara 3. Kazi iliyofuata 2010 iliongeza sigara kwenye hesabu: kwa aina kali ya ugonjwa huo, mvutaji aliyevuta pia silika alikuwa na hatari ya zaidi ya mara 7. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwatazama wanaume wa milima ya Appalachia, na waliowahi kuchimba makaa walikuwa na hatari ya zaidi ya mara 3. Israeli na Hispania zimeripoti magonjwa ya kinga kwa vijana wanaokata mawe bandia ya meza za jikoni. Australia iliyapiga marufuku mawe hayo kuanzia 1 Julai 2024, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo.

KIWIRA, MERERANI NA NGAKA

Je, makaa ni silika? Hapana, na hapa wengi huchanganya. Makaa yenyewe ni kaboni. Silika iko kwenye mwamba unaoyafunika na unaoyatenga matabaka yake, na kwenye udongo wa barabara ya vumbi. Anayechimba makaa huvunja kwanza mwamba. Anayeyasaga husaga na vipande vya mwamba vilivyobaki. Anayeyasafirisha hutimua barabara.

Kusini mwa Tanzania kazi ya kupima ilifanyika Kiwira. Simon Mamuya na wenzake wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walipima hewa wanayovuta wafanyakazi wa mgodi huo wa chini ya ardhi, na 2006 walichapisha matokeo: vumbi na silika vilikuwa vingi, hasa kwa kikosi cha kufungua njia mpya ndani ya mwamba. Kikosi hicho kilikuwa kikitoboa mwamba. Waliobaki juu ya ardhi walivuta kidogo zaidi. Huko Mererani, vumbi la uchimbaji mdogo wa tanzanaiti lilipimwa na matokeo yakachapishwa 2003, na hospitali ya Kibong'oto imekuwa ikiwapokea wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu kwa pamoja.

Ngaka ni mgodi wa wazi. Upepo huchukua sehemu ya vumbi, na hilo ni heri kwa mchimbaji ukilinganisha na Kiwira. Lakini upepo huo haulitoi vumbi duniani. Hulihamisha. Kwenye mgodi wa wazi, kazi za vumbi ni kutoboa mashimo ya baruti, kusaga, kupakia kwa kijiko, kufagia bodi la lori, na kukaa kando ya barabara. Kazi tatu za mwisho mara nyingi hazifanywi na mwajiriwa wa mgodi. Hufanywa na kibarua wa mfanyabiashara, utingo wa mwenye lori, na mama lishe wa njia panda.

Ugonjwa wenyewe hauji na kengele ya nje. Silikosisi huchukua miaka mingi. Baridi yabisi ya rumatoidi huanza kwa vidole kukakamaa asubuhi, zaidi ya saa moja, mikono yote miwili. Mtu hununua dawa za maumivu dukani, hupaka mafuta ya kuchua, huendelea na kazi. Akifika hospitali kongwe za ukanda huo, Peramiho, Litembo au Liuli, huulizwa anaumwa nini. Akiulizwa pia amefanya kazi gani katika miaka 20 iliyopita, jibu linaweza kubadili matibabu, na linaweza kubadili nani alipe.

DENI LA RANDI BILIONI 5

Afrika Kusini imekwisha kuonyesha namna vumbi linavyoingia kwenye vitabu vya hesabu. Wachimbaji wa zamani walifungua kesi ya pamoja. Mwaka 2017 makampuni ya dhahabu yalianza kutenga fedha, na Julai 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya takribani randi bilioni 5. Makampuni sita yalihusika, mojawapo AngloGold Ashanti, jina linalojulikana Tanzania kwa mgodi wa Geita. Mfuko wa Tshiamiso, ulioanza 2020, hulipa kati ya randi 10,000 na 500,000 kwa silikosisi na kifua kikuu cha kazini, kwa waliofanya kazi migodini kati ya 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019.

Tarehe hizo zina makali yake. Wazee wa Tanganyika waliorudi baada ya uhuru hawamo. Wenzao wa ng'ambo ya ziwa, Malawi, walioendelea kwenda hadi miaka ya 1970 na baadaye, wamo. Na skleroderma ya Erasmus na viungo vya Caplan havimo kabisa kwenye mapatano. Wanasheria walisimama palipokuwa na picha ya eksirei. Wachunguzi wa mwenendo wa fidia wanaona kwamba madai ya miaka ijayo yatagusa magonjwa ya kinga, kwa kuwa takwimu za Sweden na Marekani zinazidi kuwapa wanasheria mahali pa kukanyaga.

Tanzania ina chombo chake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015, na mwajiri huuchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Kwa hesabu ya mfano, mwenye yadi anayewalipa wapakiaji 8 shilingi 300,000 kila mmoja kwa mwezi anatakiwa kutoa shilingi 12,000. Ni fedha pungufu ya tairi moja kuukuu la lori. Akiisha kuchangia na kuwaandikisha, madai ya ugonjwa wa kazini yana mlango wa kupita. Asipowaandikisha, mlango uliobaki ni wa kwake mwenyewe, na kibarua aliyelipwa kwa siku bila karatasi hukumbuka uso wa aliyemlipa.

Kinga yenyewe si ghali kuliko tiba. Boza la maji likipita mara kwa mara kwenye barabara ya yadi, vumbi hupungua. Maji yakinyunyizwa kwenye krasha, hupungua zaidi, ingawa wanunuzi hulalamikia uzito wa makaa yaliyolowa na lawama hiyo ni ya kweli: makaa mabichi hulipiwa usafiri wa maji. Turubai lililofungwa vizuri huzuia hasara ya mzigo pia. Barakoa ya kitambaa iliyozoeleka wakati wa korona huzuia matone ya mate, haizuii chembe za silika. Inayofaa ni ile ya kuchuja vumbi laini, inayobana usoni. Kibarua akiipewa bila kuelezwa huivaa shingoni.

Kwa anayefikiria kununua sehemu katika biashara ya makaa, lori au yadi, yako maswali ambayo mizania ya kawaida haiyajibu. Je, wafanyakazi wa kampuni wamepimwa mapafu walipoajiriwa? Je, kuna cheti cha ukaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi? Je, hewa imewahi kupimwa, na karatasi ya vipimo iko wapi? Wanunuzi wa Ulaya walianza kuuliza maswali kama hayo kwa kahawa zamani, na wanunua kahawa wa Mbinga wanayajua.

Mvua za Ruvuma huanza kati ya Novemba na Desemba. Hapo vumbi la Kitai hulala, barabara ya Lituhi hugeuka tope, na nauli ya tani hupanda. Kuanzia Mei barabara hukauka tena, malori huongezeka, na wauza chai wa njia panda huanza kufunika masufuria yao.